Kyubiti zinakataa kutulia kwenye hali unayoitaka? Tafuta mazingira yanajua nini

Hii nimewaandikia watu ambao tayari wameamua kuyatumia mazingira ya kyubiti (kyubiti ni kipande cha habari cha kompyuta ya kwanta, mazingira ni kila kilichoizunguka) kama kifaa cha kazi, sio wale wanaoyakimbia. Yaani umeshajenga upotevu wa makusudi, umeweka pampu (mwanga au maikrowevu ya kusukuma), umeweka rezoneta (kifaa kinachotunza mawimbi) inayomwaga fotoni, yaani chembe za mwanga, haraka haraka, ukategemea kyubiti zitateremka zenyewe mpaka kwenye hali unayoitaka na zikae hapohapo bila kushikiliwa, alafu hazikai. Au zinakaa lakini pengine kabisa. Nimehangaika na hii kazi muda mrefu na naipenda, na kitu kinachoniuma ni kuona mtu anaacha wazo zuri kwa sababu tu grafu ya kwanza ilikataa, wakati shida ilikuwa ndogo na inaonekana ukijua pa kuangalia.

Wazo lenyewe halina kasoro, hilo liweke pembeni mapema. Alfred Kastler, aliyepewa Nobel ya fizikia 1966, ndo alituletea mbinu ya kusukuma atomi kwa mwanga mpaka zote zinajipanga sehemu moja, na kinachofanya ile mbinu iende ni kwamba atomi ikitoa fotoni yenyewe inatupa nje vurugu yake na haiwezi kuirudisha. 1996 Poyatos, Cirac na Zoller wakaonyesha kwa hesabu jinsi ya kuipangia ioni iliyonaswa mazingira yake, 2009 Verstraete, Wolf na Cirac wakaonyesha kwa nadharia kwamba upotevu peke yake unatosha kufanya hesabu zote za kompyuta ya kwanta, 2011 kundi la Innsbruck likafanya kwa ioni na kundi la Copenhagen likafungamanisha mawingu mawili ya atomi za sesiamu kwa njia hiyohiyo, na 2013 NIST, taasisi ya taifa ya vipimo kule Marekani (kwa ioni), na Yale (kwa saketi za supakondakta) wakashikilia kyubiti mbili zikiwa zimefungamana (hali ya moja haielezeki bila ya nyingine) bila kuzigusa. Kwa hiyo inawezekana, na kama yako haiendi basi kuna sababu.

Swali ninaloanza nalo siku zote ni moja: fotoni inayotoka kwenda nje imebeba habari gani? Mazingira ni kama mtu anayechungulia. Ukitaka akufanyie kazi lazima upange anaruhusiwa kujua nini, asijue nini, na anachungulia mara ngapi. Dalili karibu zote hapa chini zinarudi kwenye hilo swali.

Kabla hujagusa kitu, zima pampu

Najua mtu ana haraka, lakini bila hii hatua utakuwa unakisia tu. Zima kila kitu ulichokiongeza, pima mfumo ukiwa mtupu. Unataka T1 (nishati inaisha baada ya muda gani), unataka T2 (awamu ya kyubiti inadumu muda gani) kwa njia ya Ramsey, yaani unaiacha bila kuigusa kati ya palsi mbili, na pia T2 ya mwangwi, yaani unaongeza palsi ya katikati inayofuta kelele ya polepole, unataka κ ya rezoneta yaani inamwaga fotoni kwa kasi gani, na unataka kujua kyubiti iliyoachwa peke yake muda mrefu inakutwa juu (ina nishati) mara ngapi badala ya chini. Hicho cha mwisho watu wengi wanakiruka na ndo kinachowarudi baadaye.

T2 haiwezi kuzidi T1 mara mbili. Ukipata imezidi usifurahi, kuna kosa kwenye kipimo.

Inafika lakini ubora unagota asilimia 60 au 70

Ubora ni hali uliyoipata inafanana kiasi gani na ile unayoitaka. Hii ndo dalili ya kawaida kuliko zote, na usidhani ni yako peke yako, Yale 2013 walipata asilimia 67 na NIST mwaka huohuo walipata asilimia 75 pampu zikiwa zinawaka zote kwa pamoja. Sasa elewa kwa nini inagota. Hali unayoitaka ni kama ndoo unayoijaza huku ina tundu, kuna kasi ya kuingia uliyoijenga we na kuna kasi ya kutoka ambayo hukuijenga, na mwisho wa siku kiwango cha maji ni kasi ya kuingia ugawanye kwa jumla ya kuingia na kutoka. Tuseme pampu yako inaingiza kila maikrosekunde 10 na kyubiti inavuja yenyewe kila maikrosekunde 100, hapo utapata kama asilimia 91, na hata ungesubiri mpaka kesho haitapanda, kwa hiyo kusubiri sio dawa.

Sasa kisababishi kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu na vyote ukiviangalia kwa macho vinafanana. Kuna uvujaji wa asili, T1 fupi tu. Kuna pampu yenyewe kuitoa kyubiti pale ilipofika, maana hali unayoitaka ilitakiwa isione pampu kabisa, iwe giza kwake, lakini pampu kali inagusa hata vitu ambavyo hailingani navyo masafa. Na kuna mazingira yenye joto, yaani badala ya kuchukua nishati tu yanarudisha kidogo.

Kuvitenganisha ni rahisi ukiwa na subira ya kuchora grafu moja: nguvu ya pampu kwenye mhimili wa chini, ubora wa hali kwenye mhimili wa juu, pima nukta kumi au zaidi kwa upana mkubwa. Ukiona bado inapanda hata kwenye nguvu ya juu kabisa uliyonayo, shida ni T1, pampu bado haijaishinda, ongeza nguvu au tafuta kyubiti inayoishi muda mrefu. Ukiona ilipanda ikafika kileleni alafu ikaanza kushuka, pampu inaharibu kazi yake yenyewe, punguza nguvu na utafute njia ya kuweka masafa ya pampu mbali zaidi na yale ya hali lengwa. Ukiona imelala tambarare chini ya asilimia 100 na haijali unafanya nini, shuku joto.

Na joto lina hesabu yake, fanya. Kyubiti ya gigahezi 5 nishati yake ni sawa na joto la kelvini 0.24. Kwenye friji ya milikelvini 20 inatakiwa ikutwe juu chini ya mara moja kwa laki moja, kiasi ambacho huwezi hata kukiona. Lakini ukipima ukakuta asilimia 2, maana yake kyubiti inaishi kwenye joto la kama milikelvini 60 hata kama kipimajoto cha friji kinasema 20, kwa sababu kipimajoto kinapima bamba la chuma na kyubiti inasikiliza waya. Kelele inashuka kutoka juu kupitia nyaya za maikrowevu. Angalia atenyueta (vipunguza nguvu ya mawimbi) kwenye kila hatua ya friji, angalia filta, angalia kama kuna mwanga wa infraredi unapenya kwenye boksi la sampuli. Mi niliwahi kurekebisha pampu wiki mbili nzima, nabadilisha umbo la palsi, nabadilisha masafa, kumbe waya mmoja wa pampu ulikuwa na atenyueta iliyolegea na joto lote lilikuwa linashukia hapo.

Kitu kingine kwenye dalili hiihii. NIST walipoacha kuwasha zote kwa pamoja wakaanza kuzipiga moja moja kwa zamu, hatua kwa hatua, walifika asilimia 89. Kwa hiyo kama pampu zako zinagombana jaribu kuzipanga kwa zamu, utapoteza ule uzuri wa kuwasha na kuondoka lakini utapata ubora.

Naongeza upotevu, inazidi kwenda polepole

Hii inawachanganya watu sana maana akili inasema ukiongeza upotevu vitu viende haraka. Hapana. Tuseme kyubiti inabadilishana nishati na rezoneta kwa nguvu g, na rezoneta inamwaga nje kwa kasi κ. κ ikiwa kubwa sana kuliko g, kasi ambayo kyubiti inamwaga inakuwa 4g²/κ. Angalia κ iko wapi: iko chini. Ukiiongeza kasi inapungua.

Sababu yake ni ileile ya kuchungulia. Mazingira yakiangalia rezoneta mara nyingi mno, kila nishati inapotaka kuhama kutoka kwenye kyubiti inakutwa bado haijahama, inaanza upya. Misra na Sudarshan waliliandika hili 1977 wakaliita kitendawili cha Zeno (leo tunaiita athari ya Zeno), na 1990 Itano na wenzake NIST wakaliona kwa ioni za berili. Kwa hiyo usione ni ajabu ya mashine yako, ni fizikia.

Sehemu nzuri ya kukaa ni pale κ inapokaribia 4g, hapo ndo kyubiti inatulia haraka kuliko popote. Ukiwa na rezoneta ambayo κ haibadiliki basi badilisha g, kwa kawaida g inatoka kwenye nguvu ya pampu kwa hiyo una nafasi ya kuchezea. Na kama unaimwaga nishati kwa ajili ya kurudisha kyubiti sifuri haraka kabla ya raundi nyingine, hii hesabu fanya siku ya kwanza kabisa, kabla hujachora hata chipu, maana κ ya chipu ikishatengenezwa imetengenezwa.

Kuna ndugu yake wa karibu kwenye minyororo ya nishati. Umepanga kyubiti kadhaa mstari, unataka nishati itoke mwanzo ifike mwisho, lakini masafa yao hayalingani kidogo na nishati inakwama katikati. Hapo kelele kiasi inasaidia, inaikwamua. Plenio na Huelga, na kundi la Mohseni, Rebentrost, Lloyd na Aspuru-Guzik, walionyesha hivyo 2008 wakiwa wanafikiria usanisinuru. Ila ukizidisha kelele unarudi kwenye Zeno na inakwama tena, kwa hiyo grafu inakuwa kilima, na kazi yako ni kukipata kilele.

Inapanda, inashuka, inapanda tena

Kinyume cha hiyo ya juu. Ukiona namba inayumba badala ya kuteremka laini, kuna kitu kinachukua nishati alafu kinakurudishia. Cheki kwanza kama κ ni ndogo kuliko 4g, kama ndivyo rezoneta yako haimwagi kwa wakati, nishati inarudi kwenye kyubiti kabla haijatoka nje. Ongeza κ au punguza g, imeisha.

Lakini kama κ ni kubwa vya kutosha na bado inayumba basi kuna mwingine humo ndani ambaye hukumwalika. Kwenye saketi za supakondakta mara nyingi ni kasoro ndogo kwenye tabaka la oksidi ambayo inafanya kama kyubiti ya pili, inashika nishati na kuirudisha. Sogeza masafa ya kyubiti kidogo kidogo uone kama kuyumba kunaisha, kukiisha umemkamata, hama hapo. Kwenye almasi yenye vituo vya NV (kasoro ambapo atomi ya nitrojeni imekaa jirani na nafasi tupu) ni spini, yaani visumaku vidogo, za viini vya kaboni 13, ambayo kwenye almasi ya kawaida ni asilimia 1.1 ya kaboni yote, inaonekana kidogo lakini inatosha kabisa kukusumbua. Mwaka 2009 walitengeneza almasi iliyosafishwa hiyo kaboni na T2 ikafika milisekunde 1.8 kwenye joto la chumbani.

Hapa kuna jambo ningependa watu wengi zaidi walione. Mazingira yenye kumbukumbu sio hasara siku zote. Kile kiini cha kaboni 13 kilicho karibu na NV, badala ya kukiona adui, unaweza kukitumia kama ghala, unaweka habari hapo kwa sababu kiini kinaishi muda mrefu kuliko elektroni, alafu unaitoa ukihitaji. Unachotakiwa ni kukijua vizuri, masafa yake, nguvu ya kuungana kwake, ukishakijua kinatoka kwenye upande wa mazingira kinaingia upande wa mfumo. Mpaka kati ya mfumo na mazingira tunauchora wenyewe.

Ila ukishaona kuna kumbukumbu usitumie tena mlinganyo wa Lindblad wa kawaida kama vile hakuna kilichotokea. Ule mlinganyo, uliotoka 1976 kwa Lindblad na kwa Gorini, Kossakowski na Sudarshan kila upande kivyake, unadhani mazingira yanasahau papo hapo. Kiingize kile kinachokumbuka ndani ya mfumo kwenye hesabu, kilichobaki nje ndo kiwe Lindblad.

Nikianza na hali tofauti napata jibu tofauti

Mazingira mazuri yanatakiwa yasahau ulianzia wapi. Kama hayasahau, basi kuna sehemu zaidi ya moja ya kutulia, na kyubiti inatulia kwenye ile iliyo karibu.

Mfano wa kawaida kabisa: kyubiti mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa namna ileile kwenye rezoneta moja. Anza na moja juu na nyingine chini, utasubiri zote zishuke, utakuta nusu ya mara, kyubiti moja bado iko juu na haitaki kushuka. Dicke alishaeleza mambo haya 1954. Hali ya kuanzia imegawanyika nusu kwa nusu, nusu moja ni ile ambayo kyubiti zinatoa mwanga kwa pamoja na inashuka haraka mara mbili, na nusu nyingine mawimbi yao yanafutana kwa hiyo rezoneta haioni chochote. Mazingira hayana namna ya kujua kwamba kuna nishati pale, na yasichokijua hayawezi kukiondoa.

Namna ya kuthibitisha: anza na hali angalau nne tofauti, ikiwemo ya mchanganyiko kamili, ngoja muda mrefu kuliko T zako zote, linganisha. Kama una modeli, tafuta namba za kipekee za Liouvilliani (matriksi inayoeleza mfumo mzima unavyobadilika, upotevu ukiwemo) na uhesabu zilizo sifuri ni ngapi. Ikiwa moja, sawa. Zikiwa mbili na kuendelea, kuna ulinganifu umejificha. Dawa ni kuuvunja, wakati mwingine kwa kitu kidogo tu kama kutofautisha masafa ya kyubiti mbili kidogo. Na ukivunja kidogo mno utakutana na tatizo lingine, itafika lakini polepole sana, maana ile namba ya pili imetoka sifuri kidogo tu na yenyewe ndo inaamua kasi ya mwisho. Hapo unarudi kwenye ile hesabu ya ndoo.

Lakini tulia kidogo kabla hujavunja. Kama ulichokuwa unatafuta ni kuhifadhi habari, hii dalili ni zawadi. Sehemu ambayo mazingira hayaioni ni sehemu salama, na watu wameshaipima, Kwiat na wenzake 2000 kwa fotoni, na kundi la NIST 2001 kwa ioni.

Asilimia ziko sawa lakini mfungamano haupo

Umepima, nusu ya mara 00 na nusu ya mara 11, ukashangilia. Subiri. Sarafu mbili zilizogandishwa pamoja nazo zinatoa jibu hilohilo na hazina kwanta yoyote. Lazima uzungushe kyubiti zote kabla ya kupima, ubadilishe pembe kidogo kidogo, uangalie kama usawa wa namba (mara ngapi majibu mawili yanafanana dhidi ya kutofautiana) unapanda na kushuka. Kimo cha lile wimbi ndo koherensi yako, yaani uhusiano wa awamu kati ya 00 na 11. Ukilipata tambarare huna mfungamano, una mchanganyiko, na bila koherensi ubora kwa hali ya Bell (kyubiti mbili zilizofungamana kikamilifu) hauwezi kuzidi asilimia 50 hata namba zikipendeza vipi.

Kwa nini imekufa? Mara nyingi kwa sababu mazingira yamejua kupita kiasi. Chukua ile kazi ya Yale, hali lengwa ilikuwa na sehemu mbili, moja kyubiti ya kwanza iko juu na ya pili iko chini, na nyingine kinyume chake. Kaviti (rezoneta yao) inasogeza masafa yake kulingana na kyubiti, na walihakikisha kyubiti zote mbili zinaisogeza kwa kiasi kilekile, ili kaviti ikitazama ijue tu kwamba moja iko juu, isijue ni ipi. Hapo ndo uzuri wote ulipo. Kama viasi havilingani basi kila fotoni inayotoka inabeba jina la aliye juu, na habari ikishatoka nje koherensi nayo imeenda, hata kama hakuna mtu yeyote aliyeisoma hiyo fotoni.

Kwa hiyo pima huo msogeo kwa kila kyubiti peke yake na ulinganishe tofauti yao na κ. Tofauti ikiwa ndogo sana kuliko κ, kaviti haina uwezo wa kuwatofautisha. Ikikaribiana na κ, umepata mwizi wako.

Sababu nyingine ni nyepesi zaidi na inaonekana kama kubwa. Pampu inasogeza masafa ya kyubiti, kwa hiyo awamu ya hali ya Bell inazunguka taratibu, na ukipima kwa pembe moja tu wakati tofauti tofauti alafu ukachukua wastani, unajifutia mwenyewe. Koherensi ipo ila inazunguka. Pima masafa upya pampu ikiwa imewashwa, sio ikiwa imezimwa.

Fotoni nimeongeza lakini kyubiti ya paka haiboreki tena

Kwa ambao hawajaigusa hii: kwenye kyubiti ya paka unahifadhi habari kwenye wimbi ndani ya rezoneta, wimbi lenye awamu moja ni sifuri na lenye awamu iliyogeuzwa ni moja, alafu unajenga upotevu unaotoa fotoni mbili mbili. Leghtas na wenzake walionyesha huo upotevu 2015. Ukitoa fotoni mbili kwa pamoja mazingira yanaona mraba wa wimbi, na mraba wa chanya na wa hasi ni kitu kimoja, kwa hiyo mazingira yanashikilia ukubwa wa wimbi bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mi hii naiona ni moja ya vitu vizuri zaidi kwenye fizikia ya sasa.

Faida yake: ukiongeza fotoni, makosa ya kugeuka sifuri kuwa moja yanapungua kwa kasi ya ekisponenti, wakati makosa ya awamu yanaongezeka kwa mstari tu, kwa sababu fotoni moja moja bado zinavuja na kila moja inageuza idadi ya fotoni kutoka shufwa kuwa witiri au kinyume chake. Sasa dalili: ulikuwa unaona muda wa kugeuka unapanda vizuri, alafu ghafla umekuwa tambarare hata ukiongeza fotoni. 2020 Lescanne na wenzake walikutana na huo ukuta kwenye kama milisekunde 1. Usitafute kosa kwenye upotevu wa fotoni mbili kwanza, tafuta kitu kingine kilichoungana na rezoneta, hasa transmoni (aina ya kyubiti ya supakondakta) uliyoiweka kwa ajili ya kupima. Transmoni ikiruka juu kwa joto inazungusha wimbi lote na paka anageuka. Mifumo iliyoondoa hiyo transmoni ilifika mbali sana, 2023 iliripotiwa sekunde 100, na 2024 zaidi ya sekunde 10 huku awamu nayo ikiwa inadhibitiwa. Kwa hiyo kama umegota, tenganisha kifaa cha kupimia kwanza, hata kwa muda, uone.

Maabara inasema hivi, simulesheni inasema vile

Hapa nitaenda haraka maana makosa ni yaleyale kila siku. Kasi umeiandika kwa hezi na programu inataka radiani kwa sekunde, umekosea mara 6.28. Kwenye QuTiP (programu ya kuiga mifumo ya kwanta) unatakiwa uweke mzizi wa kasi mbele ya opereta, sio kasi yenyewe. Kwa upotevu wa awamu ukitumia σz, weka mzizi wa nusu ya kasi, ukisahau hiyo nusu koherensi itakufa haraka mara mbili na utailaumu maabara bure. Rezoneta umeikata kwenye viwango vichache mno, ongeza viwango vitano zaidi, jibu likibadilika basi hata lile la kwanza halikuwa jibu.

Ukiona uwezekano hasi, cheki kama unatumia mlinganyo wa Redfield (ndugu yake Lindblad), wenyewe hauahidi kubaki juu ya sifuri.

Na ukienda kyubiti 10 matriksi ya msongamano ina namba 1,048,576, bado inawezekana, lakini Liouvilliani kamili ni mraba wa hapo na kompyuta ya kawaida haibebi. Tumia njia ya mapito, ile ya Dalibard, Castin na Mølmer ya 1992, unaendesha wimbi moja moja lenye miruko ya bahati nasibu alafu unachukua wastani. Ina faida ya ziada, kila mruko ni fotoni moja iliyotoka, kwa hiyo unaona kwa macho mazingira yamejua nini na saa ngapi. Mi nikikwama huwa nachora mapito kumi tu na mara nyingi jibu linaonekana hapohapo.

Jana ilikuwa sawa, leo imeharibika

Kama hujabadilisha kitu na ubora umeshuka, usirekebishe pampu. Rudi kwenye vile vipimo vya mwanzo, pampu imezimwa. T1 ya kyubiti za supakondakta inatembea ndani ya masaa machache tu, inaweza kushuka nusu na kurudi bila mtu kugusa kitu, ni zile kasoro za oksidi zinahama masafa zenyewe. Ukiwa na rekodi ya T1 ya kila nusu saa utaona kama kushuka kwa ubora kunaenda pamoja na kushuka kwa T1. Kukienda pamoja, subiri au sogeza masafa. Kusipoenda pamoja, linganisha Ramsey na mwangwi: mwangwi ukiwa mrefu sana kuliko Ramsey, kuna kelele ya polepole inayosogeza masafa, na pampu zako zimebaki zinapiga pale kyubiti ilipokuwa jana. Hapo pima masafa ya kyubiti upya, fuata nayo masafa ya pampu, ndo uwashe, na hicho kipimo kiweke kijirudie chenyewe kabla ya kila raundi ya data.